Kunigunda Aliyewaachisha Kambare

Samaki hanyonyi. Hilo Kunigunda alilijua kama unavyolijua wewe, hakuhitaji mtu wa kumwambia. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya kule bondeni haikuwa na jina jingine kichwani mwake, basi akaiita kuachisha ziwa, na kijiji kizima kikacheka. "Mama Edina, leo unampaka nani shubiri?" walimuuliza njiani asubuhi, akiteremka na ndoo yake kichwani. "Nimeshampaka mumeo," alijibu bila kusimama, "maana yeye ndiye aliyeshindwa kuacha." Wakampisha.

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo mkali na mikono ya taratibu. Kijiji chao kiling'ang'ania mlima upande wa Litembo, mahali ambapo boga likikuponyoka uani utalifuata kwa jirani wa chini. Alilima mahindi na maharage kwenye ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoushika udongo usikimbie na mvua, na alikuwa na shamba la kahawa aliloachiwa na mumewe, marehemu Othmar. Kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha Edina, binti yake wa pekee, mpaka darasa la saba. Kisha likaja soko huria. Redioni walisema ni neema, na labda ilikuwa neema kwa mwenye redio. Huku milimani chama cha ushirika kilikufa polepole kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza, ghala likabaki na popo, mbolea ya mkopo ikaisha, na wanunuzi wapya wakawa wanapanda na mizani zao wenyewe, wakitaja bei huku injini ya gari inanguruma. Kuna walioing'oa mikahawa yao kwa hasira. Kunigunda hakuing'oa, aliiacha tu izeeke.

Aliyempa mahali pa kushika ni Isidori, ambaye kila mtu alimwita Karani. Alikuwa karani wa ghala la ushirika, na ushirika ulipokufa jina lilibaki naye. Naye alijaribu kununua kahawa, akaumia, akaenda kusomea ufugaji wa samaki huko mbali, akarudi na wazo ambalo watu walilionea huruma: atatotoa kambare na kuwauzia vifaranga wenye mabwawa. Alikodi mtambo mfu wa kumenyea kahawa kando ya mto, akayasugua mabirika ya saruji yaliyokuwa yakioshea kahawa ya vijiji vyote vya jirani, akayajaza maji. Kilichobaki ni mtu wa kulisha. Vijana aliowajaribu walimwaga chakula kama wanaolisha nguruwe, wakaenda zao. Ndipo akamwita Kunigunda.

Mara ya kwanza walishindwa wote wawili. Kambare jike alichomwa sindano ya kuivisha mayai, akakamuliwa, mayai yakaanguliwa, na birika likajaa viumbe vyembamba kama kope za jicho, kila kimoja na kifuko cha njano tumboni. Waliishi kwa kifuko hicho, chakula cha safari walichofungiwa na mama yao. Kifuko kilipokwisha na midomo ikafunguka, Kunigunda kwa furaha yake akawapa unga laini wa usipa, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani, uliochanganywa na pumba. Wakaula kwa pupa mpaka matumbo yakawatoka nje. Akajisifu njia nzima akirudi nyumbani. Kesho yake aliwakuta wanaelea, matumbo yamejaa, wamekufa kwa njaa.

Karani alichota mmoja, akamlaza juu ya kipande cha kioo, akampa Kunigunda lenzi.

"Umeuona huo uzi, Mama? Ndio utumbo wake wote. Umenyooka, hauna pa kusagia. Tumbo lenyewe, lile lenye ukali wa kuyeyusha unga, halijaumbika bado."

"Mbona amefungua mdomo?"

"Mdomo unatangulia. Tumbo linafuata. Na kwa baridi hii ya huku kwetu, linachelewa zaidi."

Kunigunda alisimama pale na lenzi mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yalimwingia maneno hayo, kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia. Tangu siku hiyo wakafanya kazi upya. Walichimba mashimo karibu na mabirika, wakayajaza maji na kinyesi cha kuku, na humo wakazaliana wadudu wa maji wadogo kama vumbi linalorukaruka. Hao ndio waliokuwa chakula cha kwanza, laini, hai, chepesi hata kwa utumbo wa uzi. Baridi ilipokaza na wadudu wakaadimika, Kunigunda alichemsha mayai, akatoa viini, akavikamua kwenye maji kwa kipande cha khanga kuukuu mpaka likashuka wingu la njano. Halafu, vifaranga walipoanza kuota sharubu na kuwa weusi, alitia unga kidogo ndani ya kile kiini. Akaangalia. Wakitoa choo kirefu cha rangi ya unga, aliongeza unga na kupunguza wadudu. Wakikaa chini wameziba, alirudi kwenye wadudu bila kuona haya. Ukimharakisha kifaranga umemuua, na ukimchelewesha ataanza kumla ndugu yake, maana kambare hana mswalie mtume kwenye njaa. Kazi yote ilikuwa hapo katikati, na Kunigunda aliipenda kuliko alivyowahi kuipenda kahawa.

Mayai yenyewe yalitoka kwake. Alikuwa na kuku wazuri, wale wenye shingo tupu, na Karani aliyachukua mayai yote. Ndiyo yakawa chumvi, ndiyo yakawa sabuni na mafuta ya taa. Vifaranga wa Karani wakaanza kusifiwa, watu wakaja kuwachukua mpaka kutoka Kigonsera wakiwa na madebe, na Kunigunda akaacha kusema kazi yake kwa sauti ya chini.

Edina alikuwa ameolewa ziwani, Mbamba Bay, na mvuvi Mwanglikana aitwaye Steven, jambo lililomfanya mama yake anune mwaka mzima kisha akasahau alichokinunia. Steven alikuwa mtu mwema. Yeye ndiye aliyempelekea Karani usipa kwa magunia. Na siku moja, baridi ikiwa imeanza kushuka milimani, gari lililopandisha gunia la usipa lilimpandisha na Edina, mtoto mgongoni.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba. Mbona hukuleta taarifa?" Kunigunda hakungoja jibu. Alimtazama binti yake kiunoni, na macho ya mzazi hayadanganywi na khanga. "Una mimba."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu bado ananyonya?"

"Nilimwonea huruma."

"Huruma! Unamnyonyesha maziwa ya mimba, halafu unasema huruma? Unataka kumbemenda mtoto wa watu?"

"Ndiyo maana nimemleta," Edina alisema, na akaanza kulia kabla hajakaa.

Hapakuwa na la kujadili. Mwanamke akishika mimba huku ananyonyesha, maziwa yake ni sumu kwa aliye nje. Ndivyo walivyoamini, na ndivyo walivyofanya tangu zamani. Mtoto anaachishwa siku moja, kwa kukata, na ili asilione ziwa na kulitamani anapelekwa kwa bibi mzaa mama mpaka asahau. Edina mwenyewe aliachishwa hivyo, na Kunigunda pia. Mtoto aliitwa Herieth. Alikuwa ameanza kutembea, ana mapaja ya mikunjo kama watoto wa ziwani, na maneno machache ya Kinyasa ambayo bibi yake hakuyaelewa lakini aliyajibu yote.

Edina aliondoka Herieth akiwa amelala usingizi wa mchana, maana kumuaga mtoto ni kumwachia kumbukumbu. Kunigunda alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara. Gauni la Edina lilikuwa limelowa kifuani kwa maziwa. "Nenda salama," Kunigunda alisema. "Akisahau nitakuita."

Herieth hakusahau. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akawa anauendea kila mgongo wa mwanamke mwenye khanga ya bluu na kuuvuta. Kunigunda alimpikia uji wa mahindi, mweupe, mlaini. Akatema. Akampikia tena, akatia chumvi kidogo, mtoto akameza kidogo. Jioni alimpa ugali aliouchovya kwenye mchuzi wa maharage, au wa usipa. Usipa wenyewe hakumpa, maana vichwa vyake vina uchungu na mtoto angekabwa. Alikuwa bibi mwenye mapenzi. Alimwimbia, alimkanda, alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe. Mtu yeyote atakayekuambia kwamba Kunigunda hakumpenda mjukuu wake, mtu huyo ni mwongo.

Ikawa ndiyo majira ambayo kambare wa Karani walianguliwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Kunigunda alitamani kumwachia mtoto jirani yake Notburga, lakini Herieth aliogopa watu, kwa hiyo alimfunga mgongoni na kuteremka naye bondeni. Alimkalisha kwenye gunia tupu kandokando ya birika, akaanza kazi yake. Mayai yalichemka kwenye sufuria ndogo. Aliyamenya moja moja, akatoa viini akavipanga kwenye bakuli, vimetulia pale vya njano, vinatoa mvuke.

Herieth aliinuka kwenye gunia. Hakuwa mtoto wa kuinuka tena ovyo siku hizo, lakini aliinuka, akaja kwa miguu yake, akanyoosha mkono kwenye bakuli.

Kunigunda aliushika ule mkono kabla haujafika. Aliushika kwa upole, akaubusu. "Hiki siyo chako, mama," alisema. Mtoto hapewi yai. Akila yai atakuwa mwizi, atazoea utamu wake na kesho ataingia kwenye viota vya watu. Mama yake Kunigunda alimwambia hivyo, naye alimwambia Edina hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuuliza. Alimrudisha kwenye gunia, akampa kibuyu kitupu achezee. Kisha akavifunga viini kwenye khanga, akavikamua majini, na vifaranga wakaja juu kwa maelfu, wakavila mchana ule mpaka wakashiba.

Baada ya muda mashavu ya Herieth yakajaa. Notburga ndiye aliyeliona kwanza. "Mjukuu amenenepa! Hewa ya juu imemkubali," alisema, na Kunigunda akafurahi sana. Alimtumia Edina salamu kwa dereva wa gari la usipa, kwamba mtoto amenawiri, atulie. Dereva alizifikisha.

Lakini mtoto aliyenenepa hachezi? Hilo lilimsumbua Kunigunda akiwa peke yake. Herieth alikaa pale alipowekwa. Hakulia tena, hata akiumia. Nywele zikawa nyepesi, zikageuka rangi ya majani ya mahindi yaliyokauka, ukizivuta zinabaki mkononi. Siku moja akimwosha miguu, Kunigunda alikibonyeza kisigino kwa kidole, na shimo likabaki pale pale, halikufutika. Akalitazama mpaka maji yakapoa.

"Amebemendwa," Notburga alisema alipoitwa. "Edina alichelewa. Sumu ya maziwa ile ndiyo inatoka sasa." Akaenda mlimani akaleta mizizi, wakaichemsha, wakamwogesha mtoto na kumnywesha. Kunigunda alikubali kwa sababu lilikuwa neno analolijua, na mtu aliyeingiwa na hofu hushika anachokijua. Zilipita siku nyingi katika mizizi hiyo. Ngozi ya Herieth ikaanza kubanduka mapajani kama rangi ya ukuta mbovu. Hapo ndipo Kunigunda alipotupa sufuria ya dawa uani, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya miguu kwenda hospitali. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyokuja, na uzito wenyewe wote ulikuwa maji.

Sista aliyempokea alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto, akamfunika, akauliza anachokula.

"Uji, Sista. Na ugali kwa mchuzi."

"Mchuzi wa nini, Mama?"

"Maharage. Na usipa."

"Na usipa wenyewe anakula?"

"Hapana. Mchuzi wake."

"Maziwa?"

"Ng'ombe hatuna."

"Kuku je? Mnafuga kuku?"

"Kuku ninao wengi," Kunigunda alisema, kwa namna ya kujitetea.

"Na mayai yao?"

"Mayai ni ya samaki."

Sista alinyanyua uso. "Ya nani?"

Kunigunda alifungua mdomo kurudia, kisha akaacha, kwa sababu safari hii jibu lake alilisikia mwenyewe. Alisikia pia mambo mengine, yote kwa pamoja: mayai ya kuku wake, usipa wa baba yake mtoto, viini kwenye bakuli, na mkono mdogo alioubusu na kuurudisha. Aliketi sakafuni palepale, kiti kikiwa karibu.

Sista hakumkaripia. Ingekuwa afadhali. Alimwambia tu kwamba huo ni unyafuzi, kwamba mtoto alinyang'anywa maziwa ghafla na hakupewa kitu cha kushika nafasi yake, na kwamba sasa hata chakula kizuri ni hatari. "Tumbo lake limechoka kabisa, Mama. Tukimpa kingi leo tutamuua. Tunaanza na maziwa kidogo sana, kidogo sana, mpaka tumbo likubali."

"Najua," Kunigunda alisema. Hakuna kitu duniani alichokijua kuliko hicho. Alijua kwamba mdomo hutangulia na tumbo hufuata. Alijua kwamba hukati, unachanganya. Unapunguza huku unaongeza kule, na macho yako yako kwenye choo chake. Alikuwa amewafanyia hivyo kambare wa Karani mwaka baada ya mwaka, kwa mikono hii hii, lakini mtoto wa Edina alimkata kwa siku moja na kumpa unga. Angeweza kulia, lakini uchungu ulikuwa umepita kimo cha machozi.

Alimlisha mwenyewe. Manesi walimwachia kikombe na kijiko walipoona anavyofanya: tone kwenye mdomo wa chini, kungoja, tone jingine. Akitapika, alingoja na kuanza upya. Herieth alimtazama kwa macho makubwa yasiyodai kitu. Kuna asubuhi moja alikishika kijiko kwa mkono wake, na Kunigunda akamwita Sista kwa kelele kama mtu aliyeona mgeni wa mbali akija, na wakatumaini. Kisha kuharisha kukaanza. Maziwa yaliingia yakatoka vilevile yalivyoingia. Siku ya Jumapili, watu wakiwa misani na nyimbo zinasikika mpaka wodini, Herieth alikufa mikononi mwa bibi yake, kijiko kikiwa bado na maziwa.

Walimzika pembeni ya Othmar, chini ya mikahawa iliyozeeka. Edina na Steven walifika kaburi likiwa limeshafukiwa, kwa sababu gari liliharibika njiani mlimani. Edina alipiga magoti kwenye udongo mbichi na tumbo lake kubwa, akaufumbata udongo. Steven alisimama na kofia mkononi, hajui pa kutazama.

Karani alikuja kuwapa pole. Hakuwa mtu mbaya Karani, na siku ile alitafuta cha kushika mkononi akaona asije mikono mitupu, akaja na alichokuwa nacho: beseni la mayai. Kunigunda aliyatambua. Yalikuwa yale aliyompelekea mwenyewe kabla ya kwenda hospitali, na moja lilikuwa na doa la majivu la jikoni kwake. "Pole sana, Mama," Karani alisema. "Nimejaribu kuwalisha mwenyewe kama ulivyokuwa unafanya. Wamekubali unga wote. Hatujawahi kupata vifaranga wazuri kama hawa." Alipomaliza kusema aliona amesema vibaya, akainamisha kichwa. Kunigunda alilipokea beseni kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akashukuru.

Watu walipopungua alimvuta Edina jikoni. Alitaka kumwambia yeye mwenyewe, asije akasikia kwa wengine.

"Nilikuwa na mayai," alisema. "Muda wote nilikuwa nayo. Alinyoosha mkono, nikamnyima."

Edina alimkumbatia. Alikuwa amevimba uso kwa kulia, lakini alimkumbatia mama yake kwa nguvu, akampapasa mgongo. "Mama, usijiumize. Mtoto hapewi mayai. Kila mtu anajua."

Hapo ndipo Kunigunda alipolia kwa sauti, na wanawake wakaja mbio wakidhani ni kifo kingine. Walimshika mikono. Hawakujua kwamba ile faraja ya Edina ndiyo iliyomchoma. Kwamba amemsikia binti yake akisema maneno yale kwa upendo ule ule, kwa sauti ile ile, huku mtoto mwingine akicheza tumboni mwake, akingoja zamu yake.

Edina alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Edmund. Kunigunda aliendelea na kazi ya Karani, kwa sababu chumvi bado ilihitajika, lakini hakuiita tena kuachisha ziwa, na watu wa njiani walijifunza kumsalimia tu. Akikamua kiini majini aligeuza uso. Mayai ya kuku wake aliyagawa: mengine Karani, mengine aliyapeleka kimyakimya kwa mama yeyote aliyemwona na mtoto wa nywele nyepesi. Wengine waliyapokea wakayauza. Alijua, akazidi kupeleka.

Edmund alipoanza kutembea, dereva wa gari la usipa alileta salamu: Edina ana mimba tena, anampandisha mtoto wiki ijayo aje kuachishwa.

"Mwambie asimlete," Kunigunda alisema.

"Niseme sababu gani, Mama?"

"Sema nakuja mwenyewe."

Alimwomba Karani ruhusa, akawatia matetea wake kwenye tenga, akateremka ziwani. Nyumbani kwa mkwe si mahali mwanamke wa Kimatengo anapokwenda kukaa. Anapita, anakunywa maji nje, anaondoka. Kunigunda aliingia, akaning'iniza khanga zake kwenye msumari. Steven, kwa heshima na kwa hofu, alihamia kwenye kibanda cha wavuvi ufukweni, na Mbamba Bay nzima ikapata la kusimulia: bibi wa milimani amemfukuza mwanaume kwake. Kunigunda alitia pamba masikioni.

"Mnyonyeshe," alimwambia Edina.

"Mama! Na mimba hii?"

"Nimesema mnyonyeshe. Kwanza kijiko, halafu ziwa. Kesho vijiko viwili. Tutapunguza huku tukiongeza kule, mpaka siku atakapoliacha ziwa mwenyewe. Maziwa yako hayakumuua Herieth. Nilimuua mimi kwa uji mtupu."

Edina alimtazama mama yake, kisha akampakata mtoto. Mama yake Steven, bibi wa upande wa pili, alikuwa ameketi mlangoni akichambua usipa. Aliona kila kitu: yai likichemka, likimenywa, kiini kikipondwa ndani ya uji mwepesi pamoja na unga wa usipa uliochekechwa kwa kipande cha khanga. Alivumilia mpaka kijiko kilipoinuliwa.

"Mama Edina," alisema, "sitaki tugombane nyumbani kwa watoto. Lakini mtoto huyo utamfanya mwizi."

Kunigunda hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umetulia kama ulivyokuwa ukitulia juu ya mabirika.

"Na awe mwizi, Mama," alisema. "Akifungwa, nitampelekea chakula gerezani. Yule mwenzake sina pa kumpelekea."

Mama yake Steven aliacha kuchambua. Edmund alikitazama kijiko, akamtazama mama yake, kisha akafungua mdomo, na Kunigunda akangoja ameze kabla ya kuchota tena.